Wakiwa nje wanaulilia uhuru wa habari, wakiingia ndani wanauliza: nani alisema?

LUBUMBASHI – Siku ya mechi, mbele ya uwanja wa TP Mazembe katika komini ya Kamalondo, habari zinakimbia kuliko mpira. Huyu anasema pesa ya walimu imekatwa njiani. Yule anasema kuna malori yanayopita Kasumbalesa usiku bila kulipa ushuru. Mwingine ana ndugu yake anayefanya kazi katika ofisi ya serikali, na ndugu huyo ameona karatasi fulani juu ya meza ya mkubwa wake. Na kabla ya kuachana, kila mmoja anaongeza maneno yale yale: “Lakini usiseme ni mimi nilikuambia.”

Maneno hayo ni mafupi, lakini ndiyo msingi wa kazi yote ya habari. Wanasheria wanayaita ulinzi wa chanzo cha habari. Mtu wa Kamalondo anayaita tu heshima: ukimtaja aliyekuambia, kesho hakuna atakayekuambia kitu tena, na yeye anaweza kupoteza kazi, uhuru, au maisha.

Wanasiasa wetu wanaijua heshima hiyo vizuri sana. Wanaijua siku wanapokuwa upinzani, siku wao ndio wanaomwita mwandishi pembeni na kumpa hati chini ya meza. Wakipata kiti, wanaisahau. Na ugonjwa huu si wa chama kimoja. Kutoka Mobutu mpaka leo, karibu kila aliyekalia kiti ameonyesha dalili zake, na wengi waliouonyesha walikuwa wamewahi kuumizwa nao.

Kesi ambayo kila mwandishi anaikumbuka

Tarehe 12 Julai 2023, mheshimiwa depite Chérubin Okende alitoweka mjini Kinshasa. Kesho yake, tarehe 13 Julai, mwili wake ulikutwa ndani ya gari lake. Okende alikuwa msemaji wa Ensemble pour la République, chama cha Moïse Katumbi, na alikuwa amewahi kuwa waziri wa uchukuzi. Hapa Lubumbashi habari hiyo ilianguka kama msiba wa nyumbani, kwa sababu Katumbi ni mtoto wa Katanga, aliyekuwa gavana wa jimbo na ndiye kiongozi wa Mazembe.

Tarehe 31 Agosti mwaka huo, jarida la Jeune Afrique lilitoa makala iliyotaja hati ya siri iliyosemekana kutoka kwa shirika la ujasusi la ANR. Kadiri ya makala hiyo, hati iliwagusa watu wa ujasusi wa jeshi katika kifo cha Okende. Serikali ilisema hati hiyo ni ya uongo, na ANR ikaikana.

Siku nane baadaye, tarehe 8 Septemba 2023, mwandishi Stanis Bujakera Tshiamala alikamatwa kwenye uwanja wa ndege wa N’djili akiwa tayari kusafiri kwenda hapa kwetu, Lubumbashi. Yeye ni naibu mkurugenzi wa Actualite.cd, na alikuwa akiandikia Jeune Afrique na Reuters. Makala ile haikuwa na jina lake, na Jeune Afrique lilisema wazi kwamba si yeye aliyeiandika. Hata hivyo simu zake na kompyuta yake vilichukuliwa, na yeye akapelekwa katika gereza la Makala.

Tangu siku ya kwanza, swali la wachunguzi halikuwa tu “nani alimuua Okende?” Lilikuwa pia “hati hii ilitoka wapi, na nani aliisambaza?” Ofisi ya mashtaka ilidai kwamba Bujakera ndiye aliyeitengeneza na kuituma kwa njia ya Telegram. Shirika la Waandishi Wasio na Mipaka, RSF, lilifanya uchunguzi wake na kusema kwamba ushahidi huo wa kitekiniki hauwezi kusimama. Mara kwa mara mawakili wake waliomba afunguliwe kwa muda wakati kesi inaendelea. Mara kwa mara walikataliwa.

Mwezi wa Machi 2024, mwendesha mashtaka aliomba afungwe miaka 20. Tarehe 18 Machi, tribinali ilimhukumu miezi sita na faini ya faranga za Kongo milioni moja. Kwa kuwa alikuwa amekwisha kukaa ndani zaidi ya miezi sita, alitoka gerezani kesho yake. Wengi walipiga vigelegele. Lakini tuhesabu vizuri: aliondoka Makala akiwa na hukumu mgongoni, na kila mfanyakazi wa serikali mwenye karatasi mkononi aliiona njia ambayo simu ya mwandishi inaweza kupitia.

Na kifo cha Okende je? Tarehe 29 Februari 2024, mwendesha mashtaka mkuu wa Mahakama ya Kasasyo, Firmin Mvonde, alitangaza kwamba Okende alijiua mwenyewe. Chama chake kilikataa maelezo hayo.

Rais aliyekuwa upande wa pili

Hapa ndipo unafiki unapoonekana waziwazi. UDPS si chama kilichoshuka kutoka mbinguni siku ya uchaguzi. Kilizaliwa mwaka 1982 chini ya udikteta wa Mobutu, na kwa miaka mingi kiliishi kwa pumzi ya magazeti na minong’ono. Wazee wanawakumbuka wale walioitwa “wabunge wa kusimama”, wafuasi wa Étienne Tshisekedi waliokusanyika mbele ya wauza magazeti, wakisoma vichwa vya habari vilivyotandazwa chini na kujadili siasa mpaka jua linazama. Wengi hawakuwa na pesa ya kununua gazeti. Walilisoma bure, kisha wakalipeleka kwa mdomo mtaani. Bila waandishi wenye kuficha majina ya waliowaambia, chama hicho kingenyamazishwa mapema.

Félix Tshisekedi alipoapishwa tarehe 24 Januari 2019, aliahidi kwamba vyombo vya habari vitakuwa kweli nguvu ya nne ya taifa. Mwanzoni kulikuwa na dalili nzuri. Sauti ya RFI, iliyokatwa katika siku za uchaguzi wa Desemba 2018, ilirudi hewani mwaka 2019. Hapa Lubumbashi, Nyota na Mapendo, televisheni za upande wa Katumbi zilizofungwa wakati wa utawala wa Joseph Kabila, zilifunguliwa tena. Mwezi wa Januari 2022 serikali iliita kikao kikubwa cha taifa juu ya habari mjini Kinshasa, na mwezi wa Machi 2023 sheria ya zamani ya mwaka 1996 ilibadilishwa na sheria mpya ya uhuru wa habari.

Lakini mwezi huo huo wa Machi 2023 ilitoka pia sheria ya mambo ya kidijitali. Kifungu chake cha 360 kinaweza kumpeleka mtu gerezani mpaka miezi sita kwa kusambaza habari ya uongo kwenye mtandao. Mkono mmoja ukafungua mlango, mkono mwingine ukaweka kufuli mpya. Na miezi sita tu baadaye Bujakera alikuwa Makala.

Mbele ya waandishi, mwezi wa Februari 2024, Rais alisema anasikitika kwa yale yanayompata Bujakera, akalalamikia namna haki inavyofanya kazi nchini, na akaahidi kuiangalia kesi hiyo. Maneno mazuri. Lakini mwandishi alikuwa amekwisha kulala gerezani zaidi ya miezi mitano. Mkuu wa nchi akiongea kama mpita njia aliyekuta ajali barabarani, raia ana haki ya kuuliza: basi ni nani anayeshika usukani?

Na wale wengine?

Ingekuwa rahisi kusimama hapo na kuutupa mzigo wote juu ya UDPS. Haitakuwa haki.

Tuanze na watu wa Kabila. Tarehe 31 Desemba 2018, waziri wa habari wa wakati ule, Lambert Mende, alimnyang’anya mwandishi wa RFI, Florence Morice, kibali chake cha kazi, na sauti ya redio hiyo ikakatwa. Ni utawala huo huo uliofunga Nyota na Mapendo. Leo gurudumu limegeuka. Tarehe 2 Juni 2025, CSAC, baraza linalosimamia vyombo vya habari, lilikataza redio na televisheni kutangaza kazi za Joseph Kabila na za chama chake PPRD kwa muda wa siku 90, baada ya yeye kuonekana Goma. Marufuku hiyo ilikuwa mbaya, na tunaisema kuwa mbaya. Lakini wale waliozima redio za wengine hawawezi kushangaa kwamba kufuli waliyoiacha mlangoni ingali inafanya kazi.

Tuje nyumbani. Mwezi wa Novemba 2022, mwandishi wa Reuters Sonia Rolley alifukuzwa nchini. Wakati ule Ensemble pour la République ilikuwa bado ndani ya Union sacrée, na mawaziri wake walikuwa wamekaa kwenye viti vya serikali iliyomfukuza. Waliondoka mwezi mmoja baadaye, Desemba 2022, wakati Katumbi alipotangaza kugombea urais. Mmoja wa walioondoka alikuwa Chérubin Okende. Hatusemi hivyo ili kumlaumu marehemu, Mungu amrehemu. Tunasema hivyo kwa sababu miezi minane baadaye, makala juu ya kifo chake ndiyo iliyompeleka mwandishi gerezani. Ngao ambayo hukuilinda ukiwa na nguvu, huikuti siku unapoihitaji.

Mashariki mambo ni mazito zaidi. Mwezi wa Januari 2025, baada ya Al Jazeera kumhoji Bertrand Bisimwa wa M23, waziri wa haki wa wakati ule, Constant Mutamba, alitishia hata adhabu ya kifo kwa wenye kueneza habari za waasi na za jeshi la Rwanda, na waandishi wa Al Jazeera wakanyang’anywa vibali. Mutamba mwenyewe alihukumiwa mwezi wa Septemba mwaka huo kwa wizi wa pesa ya serikali. Na upande wa pili, AFC/M23 inayosema imekuja kuwakomboa raia haikuleta uhuru huo. Mashirika yanayowalinda waandishi yameeleza habari za redio za jamii zilizoporwa au kunyamazishwa katika Kivu, na za waandishi waliokimbia nyumba zao. Katika orodha ya RSF, Kongo ilikuwa nafasi ya 123 mwaka 2024, na mwaka 2025 ikashuka mpaka 133, kati ya nchi 180.

Anayelipa ni mtu mdogo

Katika kelele hizi zote, tunamsahau mmoja: yule aliyesema “usiseme ni mimi”. Mwandishi akifungwa, wenzake wanapiga kelele, mabalozi wanaandika barua, picha yake inazunguka dunia. Chanzo chake hakina balozi. Ni karani, ni muuguzi, ni askari wa cheo cha chini, ni mchimbaji wa mikono aliyeona lori likibeba kilicho chake.

Katanga inajua jambo hili, maana utajiri wa shaba na kobalti hauibiwi mchana sokoni. Unaibiwa katika karatasi: mkataba, hesabu ya benki, sahihi. Bila mtu wa ndani, hakuna atakayejua.

Mwaka 2020, Gradi Koko na Navy Malela, waliokuwa wafanyakazi wa benki ya Afriland First Bank mjini Kinshasa, walihusika na kufichua hati zilizotumiwa katika ripoti ya PPLAAF na Global Witness juu ya Dan Gertler, mfanyabiashara wa Israeli aliyewekewa vikwazo na Marekani kwa sababu ya biashara zake za madini na mafuta nchini mwetu. Benki iliwashtaki kwa wizi wa hati na makosa mengine. Mwezi wa Septemba 2020, tribinali mjini Kinshasa iliwahukumu adhabu ya kifo wakiwa hawapo. Wao walikuwa wamekwisha kukimbilia Ulaya na familia zao.

Adhabu ya kifo kwa sababu ya karatasi! Mwaka uliofuata, Novemba 2021, hati milioni 3.5 zilizotoka katika benki nyingine, BGFI, zilizaa uchunguzi mkubwa ulioitwa Congo Hold-up, juu ya pesa za umma wakati wa Kabila. Wengi wa upande wa serikali mpya walifurahi siku hiyo, maana aliyevuliwa nguo alikuwa mpinzani wao. Lakini huwezi kushangilia mvujo unaomfunua adui na kuuita uhalifu mvujo unaokufunua wewe. Mvujo ni ule ule.

“Lakini waandishi nao wanadanganya”

Hilo ndilo jibu la kila mkubwa, na lina ukweli ndani yake. Kongo ina waandishi wanaokula “coupage”, yaani ile bahasha inayotolewa mwisho wa mkutano. Ina redio na televisheni nyingi zilizo mali ya wanasiasa, na siku ya uchaguzi zinageuka vipaza sauti vya mwenye nyumba. Mwandishi anayeuza sauti yake kwa bahasha anaweza kesho kumuuza na aliyemwamini. Kazi yetu ina wanafiki wake, na si siasa peke yake inayopaswa kufagia mbele ya mlango.

Lakini kuna tofauti kati ya kulinda chanzo na kulinda uongo. Mwandishi akitoa habari ya uongo, aliyeguswa ana haki ya kujibu katika chombo kile kile. Ana haki ya kudai fidia mbele ya tribinali, na mwandishi na gazeti lake watajibu kwa waliyoyaandika. Kile ambacho mkubwa hana haki nacho ni kuchukua simu ya mwandishi na kuifungua, jina kwa jina, mpaka amkute karani aliyezungumza.

Tuseme hata kwamba hati ile ya mwaka 2023 ilikuwa ya uongo. Kukaa Makala miezi sita kabla ya hukumu kulisaidia nini kujua aliyemuua Okende? Hakuna.

Si fikra ya wazungu tu. Mkataba wa waandishi uliofanywa Munich mwaka 1971, ambao unafundishwa katika shule zetu za habari, unamwamuru mwandishi kutotaja aliyempa habari kwa siri. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilitoa hukumu mwaka 1996 katika kesi ya mwandishi Mwingereza William Goodwin, ikasema kwamba bila ulinzi huo watu wataogopa kusaidia vyombo vya habari kuujulisha umma. Na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, katika Azimio lake la mwaka 2019 juu ya uhuru wa kujieleza, inasema mwandishi asilazimishwe kutaja chanzo chake, isipokuwa mahakama iliyo huru iamue, kwa sababu nzito, na pale habari hiyo haiwezi kupatikana kwa njia nyingine. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika vifungu vya 23 na 24, inalinda uhuru wa kusema na uhuru wa vyombo vya habari. Maneno tunayo. Kinachokosekana ni mtu mwenye nguvu anayekubali yamfunge na yeye pia.

Swali la kuwauliza

Wanasiasa watarudi Kamalondo. Watakuja na tisheti, na nyimbo, na ahadi za barabara. Watapita mbele ya uwanja na kusema wanaupenda uhuru wa habari, kwa sababu siku hiyo wanahitaji redio.

Usimwulize kama anaupenda. Kila mtu anaupenda uhuru wa kumsema jirani. Mwulize hivi: “Siku karatasi ya ofisi yako wewe itakapotoka nje, na ikionyesha aibu yako wewe, utamtafuta aliyeitoa, au utajibu kilichoandikwa ndani?” Mwulize kama atakubali kifungu cha 360 kifutwe akiwa amekalia kiti, si akiwa anakitafuta. Mwulize mwaka gani alimtetea mwandishi ambaye hakuwa wa upande wake.

Kisha sikiliza vizuri. Akizunguka, akitaja maadui, akisema “inategemea”, utakuwa umepata jibu. Na ukirudi nyumbani kumwambia jirani ulichosikia, jirani huyo atakuamini, kwa sababu anajua kwamba wewe, mtu mdogo wa Kamalondo, hujawahi kumtaja aliyekuambia.